Komeo Kwanza, Taulo Baadaye

Mnaonifahamu mmeshaanza kucheka, mnajua nitaanza na komeo la mlango wa choo cha wasichana shuleni. Naanza nalo, kabla ya hizo taulo za kike za hedhi mnazotaka kuwagawia.

Binti anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa kumi jioni. Taulo hubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita, kwa hiyo hata mkimpa katoni nzima, ni lazima abadilishe akiwa shuleni. Abadilishie wapi? Mlango wa choo hauna komeo, shoga yake ameushikilia kwa nje. Maji yako kwenye pipa uwanjani, wavulana wanatazama. Taulo iliyotumika anaitumbukiza shimoni kwa kuwa hana pa kuiweka. Ina plastiki ile, haiozi. Shimo linajaa upesi, na gari la majitaka likija kunyonya, mpira unaziba. Halafu tunaandika kwenye daftari la mahudhurio: mtoro.

Mwongozo wa Tanzania unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20. Una wasichana 400? Matundu 20. Kahesabuni ya kwenu. Na chumba kimoja cha kubadilishia kiwe na maji humo humo ndani, pipa lenye mfuniko, na komeo lililofungwa kwa skrubu. Si misumari, jamani!

"Ondoeni kodi," kuna atakayesema. Iliondolewa. Mwaka 2018 Tanzania ilifuta VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwenye taulo za kike, 2019 ikairudisha kwa hoja kwamba bei dukani haikushuka. Sasa, bidhaa ikisamehewa VAT, mtengenezaji harudishiwi kodi aliyolipia malighafi. Anaipachika kwenye bei. Kenya ilifuta 2004, na bado 2017 ikatunga sheria ya kuwagawia wanafunzi bure.

Za kitambaa? Sawa, ila zilowekwe kwa maji baridi kwanza, ya moto hugandisha damu kwenye uzi, kisha zianikwe juani. Anayeficha yake chini ya godoro huvaa unyevu, na muwasho haukawii. Kazungumzeni na mama zao habari ya kamba ya kuanikia kabla ya kugawa chochote.

Nilitaka kugusa ndoa: Mahakama ya Rufani ya Tanzania 2019 ilikubali kwamba kumruhusu binti aolewe na miaka 15 kunakiuka Katiba. Na waraka wa 2021, wa kurudi shule baada ya kujifungua... Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya.

Mwalimu kule nyuma uliyeuliza taulo zilizotumika zichomwe wapi, kichomea taka kijengwe mbali na madarasa, upande upepo unakoelekea. Moshi ukiingia darasani wiki moja tu, mkuu wa shule atakifunga.