Mafundo Kwenye Nyuzi za Carl Perkins

Asanteni sana. Nimeombwa nizungumzie rokabili, ule muziki wa Marekani wa miaka ya 1950 uliochanganya kantri na bluzi, na najua wengi mnangoja nianze na Elvis Presley. Wazee wangu mlioketi mbele mnisamehe, Elvis atapita tu njiani. Mimi naanza na gitaa bovu.

Gitaa hilo lilikuwa Tennessee, kusini mwa Marekani, katika wilaya ya Lake, ukanda wa pamba kandokando ya Mto Mississippi. Carl Perkins, mwimbaji na mpiga gitaa wa rokabili, alizaliwa huko karibu na Tiptonville, tarehe 9 Aprili 1932. Wazazi wake walilima shamba la mtu. Mavuno yakifika, wanagawana na mwenye ardhi, baada ya yeye kukata madeni yake kwanza. Hesabu ya namna hiyo mnajua inavyoishia. Carl na kaka yake Jay wakaingia kuchuma pamba tangu wangali watoto.

Baba yao, Buck, alimtengenezea Carl gitaa kwa boksi la sigara na mpini wa ufagio. Baadaye jirani mmoja alibanwa na shida, akauza gitaa lake lililokwaruzika na kubonyea, lenye jina la Gene Autry, yule mchunga ng'ombe wa kwenye sinema. Buck akalichukua kwa dola chache. Nyuzi zilikuwa zimechoka, na zilipokatika hapakuwa na pesa ya nyingine. Carl alikuwa anaziunga kwa fundo na kuendelea kupiga.

Wapiga gitaa mliomo humu mtanielewa haraka. Ukitaka kuhama kutoka noti moja kwenda nyingine, unaweza kutelezesha kidole juu ya uzi. Sasa telezesha kidole juu ya uzi wenye fundo uone. Kidole kinachanika! Kwa hiyo Carl aliacha kuteleza. Alibana uzi palepale kidole kilipo, akausukuma pembeni mpaka sauti ikapanda yenyewe, ikalia. Kumbe ndiyo ile sauti ya bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, sauti iliyo katikati ya noti mbili, ambayo wengine wanaitafuta miaka.

Lakini fundo halimfundishi mtu peke yake. Shambani alikuwepo mzee mmoja mweusi, John Westbrook, aliyekwishapita miaka sitini, naye akichuma pamba. Carl alimwita Anko John. Kazi ikiisha, mzee alichukua gitaa lake na kijana akakaa karibu kutazama vidole. Ushauri wake Carl aliurudia hadi uzeeni: inamia gitaa lako, lisogelee, uusikie muziki ukitoka kwenye nyuzi, ukipita kichwani, ukishuka mpaka rohoni. Kumbukeni hiyo ni Tennessee ya ubaguzi wa kisheria, ambako watoto weusi na watoto Wazungu kama Carl hawakuruhusiwa kukaa darasa moja.

Na Jumamosi usiku kulikuwa na redio. Kipindi cha Grand Ole Opry kutoka Nashville kilileta nyimbo za kantri, nyimbo za Wazungu wa mashambani. Carl alizipenda, akazipiga, ila alizipiga kwa mkono wa Anko John, kwa mwendo wa haraka kuliko zilivyozoeleka. Ndiyo maana huwa nabishana na wanaosema rokabili ilizaliwa studio. Studio iliikuta inatembea.

Familia ilihamia karibu na Jackson, mashariki zaidi. Carl na Jay wakaanza kupiga kwenye vilabu vya pombe barabarani, malipo yakiwa bakshishi, na ngumi nyakati nyingine. Mdogo wao Clayton akashika besi kubwa ya kusimama, kisha W. S. Holland akaja na ngoma. Mchana Carl alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, kazi yake kupaka mafuta mikebe ya kuokea.

Mwaka 1954 redio ikapiga Elvis akiimba wimbo wa kantri kwa mwendo wa kukimbia. Valda, mke wa Carl, akasema huyu anaimba kama nyinyi. Carl naye akaona kwamba kule Memphis kuna mtu anayeelewa wanachofanya. Mtu huyo alikuwa Sam Phillips, mwenye Sun Records, studio na kampuni ya santuri iliyomrekodi Elvis. Ndugu hao wakafunga safari.

Phillips aliwapokea, ila na sharti. Tayari alikuwa na Elvis, hakutaka wawili wa mtindo mmoja. Carl abaki kwenye kantri! Ndiyo maana santuri ya kwanza, iliyotoka Machi 1955 kwa lebo ndogo ya Flip, ina upande mmoja wa kilio kitupu cha kantri, "Turn Around". Upande wa pili ni "Movie Magg", wimbo aliotunga akiwa kijana mdogo, kuhusu kumpeleka msichana sinema juu ya mgongo wa nyumbu. Nyumbu huyu si wa Serengeti, msicheke. Ni yule mtoto wa punda na farasi, aliyekokota jembe la pamba. Santuri haikuuza sana. Iliyofuata mwaka huohuo ilikuwa na "Gone, Gone, Gone", wimbo wa mwendo wa haraka, na hapo tayari mnasikia sharti linavunjika.

Novemba 1955 Phillips akauza mkataba wa Elvis kwa RCA, kampuni kubwa ya santuri, kwa dola 35,000. Mlango ukabaki wazi. Mwezi uliofuata, Carl akiwa jukwaani, alimsikia kijana mmoja akimkaripia mpenzi wake asimkanyagie viatu vyake vya swedi, ile ngozi laini yenye vinyweleo. Msichana mzuri namna ile, na mtu anahangaikia viatu! Usiku ukamkatalia usingizi. Akaamka, hakuna karatasi, akaandika wimbo kwenye mfuko wa viazi. Neno lenyewe la swedi hakujua Kiingereza kinaliandikaje, akaliandika kama linavyosikika, yaani kama tunavyoandika sisi.

"Blue Suede Shoes", yaani viatu vya swedi vya buluu, ilirekodiwa tarehe 19 Desemba 1955 na kutoka tarehe 1 Januari 1956. Ikapanda kwenye chati za kantri, za pop na za wasikilizaji weusi, zote tatu.

Hiyo mmeizoea, siwawekei. Kijana wa mitambo, tuwekee "Movie Magg". Nanyi msimfuate mwimbaji kwanza. Fuateni gitaa, pale uzi unaposukumwa.