Kwenye Elektrodi Yako, Nani Hasa Anayefanya Kazi?

Asante, Mwenyekiti. Kwamba haidrojeni ni nishati ya kesho mmeshaambiwa asubuhi nzima, sina la kuongeza. Wala sitaeleza umeme unavyopasua maji. Langu ni vichocheo: vitu tunavyopaka juu ya elektrodi, yaani vipande vinavyoingiza umeme ndani ya maji, ili gesi itoke kwa urahisi. Asiyejua haidrojeni inatokea upande gani, jirani yake atamnong'oneza. Nianze na kanga.

Kanga ina mji na ina pindo. Molibdenamu disalfaidi, ule unga mweusi ambao mafundi wa magari wanaukuta ndani ya grisi, nayo imejengwa hivyo: tabaka juu ya tabaka, kila moja ina molibdenamu katikati na salfa juu na chini, na kutoka tabaka moja hadi jingine ni kama nanomita 0.6. Tabaka hizo zinateleza, ndiyo maana inalainisha vyuma. Lakini ukiifanya kichocheo na kuidai haidrojeni, mji wake wote, lile eneo pana tambarare, umelala. Anayefanya kazi ni pindo. Mwaka 2005 kundi la Jens Nørskov kule Denmark lilikokotoa likaona kwamba pindo hilo linaishika atomi ya haidrojeni kwa kiasi kinachokaribia cha platini, ile metali ghali inayoongoza kwa kazi hii: halibani mno hata gesi ishindwe kutoka, wala halilegei mno hata atomi iponyoke. Mwaka 2007 Thomas Jaramillo, Ib Chorkendorff na wenzao wakaotesha visahani vya molibdenamu disalfaidi juu ya dhahabu, wakavipiga picha kwa hadubini, kisha wakapima mkondo wa umeme. Mkondo ulifuata urefu wa pindo. Ukubwa wa eneo haukuwa na habari. Hilo ndilo jaribio ninalotaka mlisome kabla hamjawasha tanuri.

Tangu hapo, kuboresha ni ama kuongeza pindo ama kuuamsha mji. Pindo huongezeka ukikata tabaka vipande vidogo au ukiziotesha zikasimama wima. Mji huamka ukiing'oa salfa hapa na pale, au ukipenyeza lithiamu kati ya tabaka hadi muundo wenyewe ugeuke na kupitisha umeme kama metali. Yote yamefanyika, yote yanaleta matokeo. Sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu mnaujua, na walionisikia mwaka jana wanivumilie. Naletewa rasimu ya makala. Kichocheo hakina platini, bei yake ni ya chini, na ajabu ni kwamba kadiri kinavyotumika ndivyo kinavyonoga! Baada ya mizunguko elfu moja ya kupandisha na kushusha volti kimepita kilivyokuwa mwanzo. Mwandishi ameipa ajabu hiyo jina zuri na mchoro wa rangi. Mimi nakwenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu: elektrodi mwenza, ile ya pili inayokamilisha njia ya umeme, ni waya wa platini. Jamani! Ndani ya asidi, waya ule ukiwa upande chanya, platini inayeyuka kidogokidogo, inasafiri ndani ya elektrolaiti, yaani kimiminika kinachopitisha umeme, inakuja kujipaka juu ya kichocheo chako. Kiasi usichoweza kukiona kwa macho kinatosha kabisa. Umepima platini, ukaandika molibdenamu.

Dawa ni kutumia grafiti, yaani kaboni, badala ya platini. Kuna atakayesema grafiti nayo inaliwa. Kweli, inaliwa, na kaboni yake inaweza kukuchafulia. Lakini kaboni haitakupa sifa usizostahili. Mwingine atasema maabara yetu haina fedha. Fimbo ya grafiti ni rahisi kuliko waya wa platini! Katika maisha yangu ya utafiti hili ndilo pingamizi la gharama lililo upande wangu. Weka grafiti, tenga vyumba viwili kwa utando, na jaribio likiisha itafute platini juu ya elektrodi yako kabla msomaji hajakutafutia.

Upande wa oksijeni mgeni asiyealikwa ni chuma. Hidroksidi ya nikeli, nayo ni ya tabaka, ilisifiwa miaka mingi kwa kazi yake ndani ya hidroksidi ya potasiamu. Mwaka 1987 mtafiti Corrigan akaonyesha kwamba chembe za chuma zilizomo kwenye elektrolaiti, chache mno, zinabadili matokeo. Ikafika 2014 ndipo kundi la Shannon Boettcher kule Oregon likaisafisha ile elektrolaiti mpaka chuma kikatoka, na nikeli ikabaki peke yake, dhaifu kabisa. Miaka 27! Faida ni kwamba leo tunakitia chuma kwa makusudi, na hidroksidi ya nikeli na chuma ni miongoni mwa vichocheo bora vya oksijeni visivyotumia madini ya thamani. Uchafu uliokubaliwa hadharani ukawa ugunduzi.

Na wale wa grafini, ile kaboni ya tabaka moja, msicheke. Mwaka 2020 Martin Pumera na wenzake kule Prague, waliochoshwa na makala za "tumetia hiki, imeboreka", walitia kinyesi cha ndege kwenye grafini. Ikaboreka. Ukijilinganisha na kitu dhaifu, kila kitu ni maendeleo.

Naona Mwenyekiti ananitolea macho, basi haraka. Miliampia 10 kwa sentimita mraba, tunazojivunia sote, ni kidogo mno. Mitambo ya utando ya viwandani inakwenda ampia 1 na zaidi kwa eneo hilohilo, na huko mapovu ya gesi yanafunika pindo lako lote. Ule muundo wa kimetali unaotokana na lithiamu hautulii, taratibu unarudi ulikotoka. Kwa hiyo nionyesheni saa mia kadhaa, si dakika thelathini. Iridiamu, ile metali ya thamani ya upande wa oksijeni, nilikuwa na slaidi nne, naziruka.

Wenye mabango ya utafiti hapa mkutanoni: andikeni elektrodi mwenza ni ya nini, elektrolaiti ilisafishwaje, na mlipima kwa muda gani. Bango lisilo na hayo nitalipita nikielekea kwenye chai. Haya, maswali.