Bendi kwenye Ua wa Makumbusho: Tuanze na Kuta, Tumalizie na Mvua

Ndugu wahifadhi, na nyinyi mafundi mitambo mliokaa kule nyuma, karibuni. Tunazungumzia bendi inayopiga nje, kwenye ua uliozungukwa na majengo ya kale. Nitakaa sana kwenye besi, kwani ndiko madhara mengi yanakotokea.

Mkifika uani, kabla ya kuuliza jukwaa likae wapi, tazameni kuta. Ukuta wa mawe ulio mita 25 mbele ya jukwaa hurudisha sauti baada ya milisekunde 146 hivi. Mwimbaji anasikia neno lake likimrudia, mpiga dramu anayumba, na wimbo unaanza kuburuta. Watu watamlaumu fundi bure! Elekezeni jukwaa upande wa ua ulio wazi, au liwekwe mshazari, na spika ziinamishwe ziwalenge watu badala ya ukuta.

Spika mbili kubwa jukwaani ni kishawishi kibaya. Nje, sauti ya spika hupungua takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Ukitaka aliye mita 32 apate desibeli 85, aliye mita 4 atapigwa na 103. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani usizidi desibeli 100 kwa dakika 15. Afadhali spika ndogo za nyongeza katikati ya ua. Zikiwa mita 20 mbele ya zile za jukwaani, zicheleweshwe milisekunde 58, muda ambao sauti ya jukwaani hutumia kufika hapo, kisha ongezeni 10 ili sikio liendelee kuamini kwamba muziki unatoka jukwaani.

Sasa besi. Wimbi la hezi 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 5.7, kwa hiyo nguzo halizioni. Linazizunguka na kuingia ndani. Vioo vya makabati hutetema, lipu iliyoachana na ukuta hudondoka, vyombo husogea kidogo kidogo kwenye rafu hadi ukingoni. Kiwango cha Ujerumani, DIN 4150-3, kinaweka kikomo cha kasi ya mtetemo kinachoanzia milimita 3 kwa sekunde kwenye msingi wa majengo ya kihistoria. Lakini hicho ni kipimo cha jengo. Hakikuandikwa kwa ajili ya chungu kilichoungwa kwa gundi.

Kwa hiyo jaribuni kabla. Pigeni mlio mmoja unaopanda taratibu kutoka hezi 30 hadi 120, kwa nguvu ileile ya onyesho, huku mhifadhi akiwa ndani, kiganja juu ya kabati. Akihisi mtetemo anapaza sauti, na fundi anapunguza masafa yanayopigwa wakati huo kwenye mikisa, yaani mtambo wa kuchanganya sauti. Chombo kinachoendelea kusogea kiondolewe. Msibishane nacho.

Jengo likiwa nyuma ya jukwaa, pangeni spika mbili za besi kwa mstari, zikitazama watu, moja mita 1.43 nyuma ya nyingine. Ile ya nyuma igeuzwe polariti, yaani ivute pale nyingine inaposukuma, na icheleweshwe milisekunde 4.2. Kwa upande wa jengo mawimbi yanafutana, na mbele yanajumlishana, hasa karibu na hezi 60. Wengi hugeuza polariti wakasahau kuchelewesha, halafu wanashangaa besi imepungua mbele.

Jukwaa lenyewe halina mengi. Msipigilie vigingi, chini kunaweza kuwa na mabaki ambayo hayajachimbuliwa. Tumieni uzito: tangi la maji la lita 1,000 lina tani moja. Lakini lisikae juu ya shimo la kale, na chini ya kila mguu wa jukwaa wekeni mbao pana ili uzito usambae. Kamba zisifungwe kwenye nguzo za jengo hata kama fundi ameapa ni kwa saa mbili tu.

Nyaya za umeme kwenye gurudumu zikunjuliwe zote. Zikiachwa zimeviringishwa hushika joto hadi kuyeyuka. Kila laini ya jukwaa iwe na swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30.

Mvua ikianza, umeme wa jukwaa unakatwa kwanza, ndipo turubai zifunikwe juu ya vyombo. Watu waelekezwe kwenye kibaraza kilichopangwa tangu mwanzo. Milango ya kumbi za maonyesho ibaki imefungwa, maana nguo mbichi za watu mia moja hupandisha unyevu wa ukumbi haraka, na mbao za kale huanza kuvimba.