Seli za Uzazi Zilizopotea Njia Hadi Kifuani

Ndugu zangu, kila nikizungumzia uvimbe wa seli za uzazi unaoota kifuani naulizwa swali lile lile: seli za uzazi zinatafuta nini kifuani? Turudi kwenye wiki za mwanzo za mimba. Seli zitakazokuja kuzaa mbegu au mayai hazianzii kwenye korodani wala ovari. Hutoka kwenye mfuko wa kiini, kifuko kilichoungana na kiinitete, zikasafiri katikati ya mwili wa kiinitete hadi kwenye makao yake. Inadhaniwa kwamba chache hukwama njiani, nyuma ya mfupa wa kidari, na huko ndiko uvimbe huanzia. Aina kali za uvimbe huo huwapata karibu wanaume watupu, wengi wao vijana wa miaka 20 hadi 40.

Kijana huyo huja anakohoa, kifua kinabana, na akiamka asubuhi uso umevimba na mishipa ya shingo imetutumka, kwa sababu mshipa mkubwa unaorudisha damu ya kichwani umekandamizwa. Nawasihi wenzangu: kabla ya kisu, chukueni damu. Pimeni alfafetoprotini, protini ambayo kwa kawaida hutengenezwa na mtoto aliye tumboni, na hCG. Hii ya pili ndiyo homoni inayosomwa na kipimo cha mimba, na uvimbe wa aina ya koriokasinoma, wenye seli kama za kondo la nyuma, huimwaga kwa wingi hata mwilini mwa mwanamume. Alfafetoprotini ikipanda, hiyo si seminoma tupu, ile aina ya uvimbe huu iliyo rahisi zaidi kutibika.

Tofauti hiyo ni kubwa mno. Seminoma huitikia dawa vizuri, hata ikiwa kifuani. Isiyo seminoma, ikianzia kifuani, uainishaji wa kimataifa wa 1997 unaiweka moja kwa moja kwenye kundi la hatari kubwa, hata kama haijasambaa popote. Na husambaa: mapafu, tezi za limfu, ini, mifupa. Koriokasinoma hupita kwenye damu mapema, ikifika ubongoni huvuja damu. Wachache hupata hata saratani ya damu, iliyozaliwa na seli zile zile za uvimbe.

Sisplatini, dawa ya kuua seli za saratani, ndiyo nguzo ya tiba. Bleomisini, dawa nyingine ya saratani, tunaiepuka mara nyingi, kwani hudhuru mapafu, na kifua hiki kitafunguliwa. Maana dripu ya mwisho ikiisha, vipimo vya damu vikashuka, picha bado inaweza kuonyesha kinyama. Kitolewe. Huenda ni teratoma, uvimbe wenye mchanganyiko wa tishu za aina mbalimbali, nayo haisikii dawa, huendelea kukua.