Kazi ya asubuhi kwenye kreti za nyenje

Karibuni. Leo tuko Kisumu, tunapitia kazi ya kila asubuhi kwenye chumba chenye kreti 40 za nyenje. Anza na kreti za watoto, umalizie na za wakubwa. Ukigeuza mpango huo, mikono yako itawabebea wadogo magonjwa wasiyoweza kuyahimili.

Kabla ya kufungua kreti yoyote, chuchumaa uangalie miguu ya rafu. Kila mguu umesimama ndani ya kopo la maji yenye sabuni kidogo. Sabuni ndiyo inayomzamisha sisimizi. Maji matupu anaweza kuyapita juu juu. Ondoa jani au utando wa buibui ulioangukia humo, na rafu isiguse ukuta.

Sasa maji, na hapa usiharakishe. Nyenje aliyeanguliwa leo ana milimita 2 hivi. Tone moja linatosha kumzamisha. Usimwekee bakuli. Lowanisha pamba, ikamue mpaka ukiibonyeza unyevu uonekane lakini tone lisianguke, kisha iweke kwenye kifuniko cha chupa. Pamba ya jana itoe hata kama bado ina maji, kwa sababu kinyesi kimeshaingia ndani. Ikung'ute polepole kreti ikiwa chini yake. Watoto hupenda kujibanza humo, nao hutupwa nayo bila mtu kujua.

Chakula ni mash ya vifaranga, iliyosagwa laini zaidi kwa wachanga. Mboga iwe majani ya viazi vitamu au kunde kutoka shamba unalolijua. Sukuma wiki ya sokoni tunaikwepa: dawa ya wadudu haiwezi kumbagua nyenje, na kuosha hakuiondoi yote. Masalia ya jana yatoke kabla hayajaota ukungu.

Ukimwona nyenje mweupe, mwache. Amejivua gamba tu, na rangi itarudi baada ya saa chache. Hatari ni wenzake, kwani wakikosa protini au maficho watamla angali laini. Ongeza trei tupu za mayai ya kuku, uzisimamishe wima ili kinyesi kidondoke chini. Kreti ikinuka mkojo mkali, kinyesi kimelowa. Kizoe, ukaushe sakafu.

Tumefika kwa wakubwa. Jike utamjua kwa mrija mwembamba kama sindano ulio nyuma yake. Wawekee kopo la majarini lenye udongo mbichi wa kina cha sentimita 3, ulifunike kwa wavu wa chuma: mrija utapenya, lakini hawatafukua mayai na kuyala. Litoe baada ya saa 24, andika tarehe, ulifunike penye joto la nyuzi 28 hadi 32. Mayai huanguliwa siku ya 10 hadi ya 14. Nakuru mwezi wa Julai, chumba kisipotiwa joto, huchukua muda zaidi, kwa hivyo usikimbilie kumwaga udongo. Upulizie maji kila siku, maana ukikauka mayai hufa. Siku ya 8, hamishia kopo kwenye kreti safi yenye trei na mash tayari.