Ile ritifaa kwenye digrii yako

Asanteni ssebo na nyabo, mabwana na mabibi, wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Leo naongelea ritifaa, kile kialama cha juu ambacho mnakiweka kwenye ng'ombe. Kwetu kazi yake ni sauti tu, ukiitoa pale mtu atasoma ngombe kama vile anasoma ngoma. Waingereza wao wanaitumia kama ile "ya" yetu. Master's degree, yaani digrii ya master, mtu mmoja. Bachelor's degree hivohivo. Sasa ukiandika masters degree bila ritifaa umetaja mamasta wengi, na ukiisukuma mpaka nyuma ya s ndo umewagawia digrii watu kibao, na wewe umesoma peke yako na ada umelipa peke yako jamani.

Huyo master ni nani? Ni Kilatini, magister, mwalimu, maana zamani huko Ulaya ukishaipata digrii hiyo unaruhusiwa kufundisha. Hapa Makerere, chuo chetu cha Kampala, ilianza 1922 kama shule ya ufundi, 1949 ikaunganishwa na University of London, wanafunzi wakawa wanasomea digrii za London, na haya majina tukabaki nayo.

Ila penye wengi tunaangukia ni Master's of Arts. Hapana. Ni Master of Arts, Bachelor of Science, ritifaa haipo, kwa sababu pale hujataja digrii, umemtaja mtu mwenyewe, bingwa wa sanaa, sasa "ya" unaiweka ya nini? Kiswahili kimetuepusha na hili, tunasema shahada ya uzamili, tunataja ile hali, mzamili mwenyewe hatumgusi.

Mimi nilienda Wandegeya, hapo jirani na chuo, kuchukua tasnifu yangu kwa vijana wa baindingi, wale wanaojalidi vitabu, gamba jeusi, herufi za dhahabu, gundi bado inanuka, nakuta MASTERS' OF ARTS. Kijana ananiambia mbona wote wanaandika hivo. Nikasimama pale nimeishika, miaka miwili ya kazi, na kosa liko juu ya gamba kabla mtu hajafungua hata ukurasa mmoja. Iliniuma sana, nikalipa gamba lingine.

Na mwenye nazo mbili aandike master's degrees, wingi ukae kwa degree.

Haya, mwenye CV kwenye simu aifungue, tuanze na huyu dada wa mbele.