Kunuti ya Alfajiri na Sala Nyuma ya Imamu Asiyekunuti

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), nitaingia kwenye mada moja kwa moja, maana Isha haiko mbali. Wiki hizi vikaratasi vya maswali vinakuja na jambo moja kwa miandiko tofauti. Huyu anauliza: imamu wetu mpya hakunuti alfajiri, yaani haisomi ile dua ya kunuti inayosomwa wima katika rakaa ya pili, je, sala zetu zimesihi au tuzirudie? Na yule anauliza: imamu anakunuti, nami nimesikia ni bidaa, je, nisali nyumbani? Huenda hawa wawili husimama safu moja na wala hawajuani.

Nitaanza na ninayoyaona humu msikitini, kwa sababu hayo ndiyo mabaya kuliko yote. Rakaa ya pili ya alfajiri, imamu ameinuka kutoka kwenye rukuu, yuko kwenye itidali, yaani amesimama wima kabla ya sijda, ameinua mikono. Wazee wameinua yao, wanaitikia "amin". Wengine wameiachia mikono, wamenyamaza, hao hawana neno. Lakini wawili watatu wameshakwenda sijda! Imamu bado amesimama, wao wako chini. Wakisikia amini wanashtuka. Mmoja anainuka haraka haraka, mwengine anabaki hapo hapo na paji la uso mkekani, anamngoja imamu aje amkute. Na akisalisha yule asiyekunuti, mambo yanageuka: imamu ameshuka, amekaa baina ya sijda mbili, amerudi sijda ya pili, na kuna mzee bado yuko wima anamalizia dua yake.

Sasa nisikilizeni. Kunuti yenyewe, kwa wanaoikubali, ni sunna. Hakuna katika maimamu wanne wa madhehebu, Abu Hanifa, Malik, Shafi na Ahmad, aliyesema ni nguzo ya sala ya alfajiri. Lakini kumtangulia imamu kwa makusudi ni haramu kwa wote. Mtume (s.a.w.) amesema katika Hadithi iliyomo kwenye Bukhari na Muslim: je, hachelei mmoja wenu anapoinua kichwa chake kabla ya imamu, Mwenyezi Mungu akakigeuza kichwa chake kuwa kichwa cha punda? Na mafakihi wa Kishafii wamesema, mwenye kumtangulia imamu kwa nguzo mbili za vitendo hali anajua na amekusudia, sala yake imebatilika. Yaani mtu anakimbia kitu anachokiona bidaa, anaangukia haramu isiyo na khilafu, yaani isiyo na tofauti baina ya wanavyuoni. Huyo mzee naye ajihesabu, maana kubaki nyuma ya imamu kwa nguzo mbili bila udhuru hukumu yake ni hiyo hiyo.

Haya, khilafu imetoka wapi? Imetoka kwenye Hadithi, na kila upande unazo zake.

Mwaka wa 4 wa Hijra Mtume (s.a.w.) aliwatuma Maswahaba 70, watu wa Qur'ani, wakauliwa kwa hiana kwenye kisima cha Maʿuna. Mtume akahuzunika huzuni kubwa. Akakunuti mwezi mzima katika sala akiyaapiza makabila ya Riʿl, Dhakwan na Usayya, kisha akaacha. Hili limepokewa na Anas bin Malik, liko kwenye Bukhari na Muslim, na hakuna anayelipinga. Linalogombaniwa ni hilo "akaacha". Ameacha nini? Wahanafi na Wahanbali wakasema ameacha kunuti yenyewe, haisomwi tena alfajiri isipokuwa Waislamu wakifikwa na msiba mkubwa. Washafii wakasema ameacha kuyaapiza yale makabila, kunuti ya alfajiri imebaki. Dalili yao ni Hadithi nyengine ya Anas huyo huyo, kwamba Mtume hakuacha kukunuti katika sala ya asubuhi mpaka alipoiaga dunia. Imo kwa Imam Ahmad na kwa Daraqutni.

Hapo ndipo wanavyuoni wa Hadithi walipoingia. Katika wapokezi wake yumo mtu akiitwa Abu Jaʿfar ar-Razi. Yahya bin Maʿin amesema ni mwaminifu. Abu Zurʿa akasema anakosea sana. Imam Ahmad akasema hana nguvu. Mnaona? Imam Ahmad ameiandika Hadithi hii kwenye Musnad yake mwenyewe, na mpokezi wake hakumtegemea. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii, kwa upande wake amesema katika kitabu chake al-Majmuʿ kwamba Hadithi ni sahihi, na akawataja mahafidhi, mabingwa wa Hadithi, walioisahihisha. Hawa wote ni majabali. Kijana aliyesoma kurasa mbili kwenye simu hawezi kusimama baina yao akatoa hukumu kwa sauti ya juu.

Upande wa pili wana Hadithi iliyo nyepesi kuifahamu. Abu Malik al-Ashjaʿi alimuuliza baba yake: ewe baba yangu, umesali nyuma ya Mtume, na Abu Bakr, na Umar, na Uthman, na nyuma ya Ali hapa Kufa karibu miaka mitano, walikuwa wakikunuti alfajiri? Baba yake akamjibu: ewe mwanangu, ni jambo la kuzushwa. Tirmidhi amesema Hadithi hii ni hasan sahih. Kwa hiyo mwenye kusema haikuwepo hakuitoa mfukoni. Na Washafii wana jibu lao: aliyethibitisha jambo hutangulizwa mbele ya aliyelikanusha, maana huyu alijua ambalo yule halikumfikia. Hata kwa Sayyidna Umar mapokezi yanapishana, wapo waliosema alikunuti na wapo waliosema hakukunuti.

Wamaliki nao wana njia yao. Kwao kunuti ya alfajiri inapendekezwa, ila inasomwa kimya kimya, na wanaona bora iletwe kabla ya kurukuu. Ukisali nyuma ya Mmaliki, Morocco au Senegal, unaweza kurudi kwenu ukasema yule hakunuti, kumbe amekunuti na wewe hukusikia.

Sisi huku pwani tumekuwa Washafii tangu zamani sana. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wa Kishafii, akawaandika hivyo. Chuoni tumesomeshwa vitabu vya fikihi ya Kishafii: Safina, kisha Abu Shujaa, aliyebahatika akafika kwenye Minhaj ya Nawawi. Kwa hiyo mzee aliyekunuti miaka sitini hakuzua kitu, amefuata alichosomeshwa na sheikh wake, na sheikh wake kwa sheikh wake, mpaka kwa Imam Shafi. Na waliosali na ndugu zetu Maibadhi Unguja wanajua: mikono wanaiachia, amini hawaitikii, kunuti hawana. Zama za Masayyid, masultani wa Unguja, kulikuwa na makadhi wa Kisunni na makadhi wa Kiibadhi katika mji huo huo. Wahanafi wa asili ya Bara Hindi wana misikiti yao katika miji yetu kwa miaka mingi. Vijana wetu waliosoma Madina wamerudi na walichosomeshwa huko. Mchanganyiko huu si mgeni.

Wala ugomvi wake si mgeni. Mwanahistoria Ibn al-Athir, katika matukio ya mwaka 447 wa Hijra, ndiyo 1055 kwa Miladia, ameandika habari ya fitna ya Washafii na Wahanbali mjini Baghdad. Waligombana kwa bismillahi ya sauti, kwa adhana na kwa kunuti ya alfajiri, mambo haya haya. Kundi likaenda kwenye msikiti wa Bab ash-Shaʿir kumkataza imamu asisome bismillahi kwa sauti. Yule imamu akatoa msahafu, akawaambia: basi ifuteni humu ndani, nami sitaisoma. Mimi kila nikiisoma habari hii hucheka, kisha hukumbuka kwamba mwaka huo huo Waseljuki, watawala wa Kituruki, waliingia wakautawala mji, na watu wa Baghdad wanagombea bismillahi.

Makka napo. Msafiri Ibn Jubayr aliyefika huko mwaka 1183 ameeleza kwamba kila madhehebu yalikuwa na imamu wake kuizunguka Kaaba, wanasalisha kwa zamu. Isipokuwa Magharibi, wakati wake mfinyu, kwa hiyo wote walikuwa wakisalisha kwa pamoja. Takbira zikachanganyika! Anasema huenda Mmaliki akarukuu kwa rukuu ya Mshafii au ya Mhanafi, na mtu akatoa salamu kwa imamu asiyekuwa wake. Mbele ya Kaaba, jamani. Jambo hilo lilikuja kuondoshwa miaka ya 1920 baada ya Mfalme Abdulaziz kuitawala Hijazi, wakarudi kwenye imamu mmoja. Watu wana maneno mengi juu ya utawala ule, lakini katika hili mimi nasema walifanya vizuri.

Sasa nije kwenye ninalolitaka hasa. Vitabu vya madhehebu, hivi hivi tunavyogombania, vimeshaandika maamuma, anayesali nyuma ya imamu, afanye nini imamu anapokuwa wa madhehebu mengine. Shida yetu tunasoma mstari wa kwanza tunafunga kitabu.

Mshafii ukisali nyuma ya imamu asiyekunuti: vitabu vinasema ukiweza kuleta kunuti fupi na ukamkuta imamu kwenye sijda ya kwanza, ilete. Ukiona hutamkuta, iache umfuate. Kisha imamu akishatoa salamu, inasuniwa usujudu sijda ya kusahau, kwa kauli inayotegemewa. Inasuniwa, narudia. Kunuti ni katika sunna za abʿadhi, zile ambazo ukiziacha inasuniwa sijda ya kusahau, na sijda inayoziba pengo lake nayo ni sunna. Ukiiacha kunuti na ukaiacha na sijda, sala yako ni sahihi kwa mujibu wa Imam Shafi mwenyewe. Kwa hiyo aliyeuliza kama arudie alfajiri zake zote, jibu ni hapana, hata moja. Apumzike.

Mhanbali, au wewe unayejiita mfuasi wa dalili tu, ukisali nyuma ya anayekunuti: al-Buhuti katika Kashshaf al-Qinaʿ, kitabu kinachotegemewa na Wahanbali, amesema amfuate na aitikie amini. Ibn al-Qayyim, ambaye katika Zad al-Maʿad amejenga hoja ndefu kwamba kunuti ya kudumu haikuthibiti, amesema humo humo kuwa hii ni khilafu iliyoruhusiwa, hakemewi aliyefanya wala aliyeacha. Mnamnukuu kwenye ile hoja, mnukuuni na hapa.

Mhanafi naye: Abu Hanifa na Muhammad bin al-Hasan wamesema anasimama kimya. Abu Yusuf akasema amfuate imamu. Si nyinyi mnaosikia, hata ndani ya madhehebu moja mwanafunzi amempinga mwalimu wake na wote wawili wakabaki kuheshimiwa. Wala hakuna hata mmoja kati yao aliyesema atoke msikitini.

Kuna sehemu ngumu, na sitaificha, maana wapo wanafunzi hapa watakwenda kufungua Minhaj waniulize. Nawawi ameandika: Mshafii akimfuata Mhanafi aliyegusa tupu yake, kwa kauli sahihi zaidi sala ya yule Mshafii haisihi, na akimfuata Mhanafi aliyetoka damu kwa kuumikwa mshipa, inasihi. Kwa nini? Kwa sababu kwetu kugusa tupu kunatangua udhu na damu haitangui, na kwa Wahanafi ni kinyume chake. Kinachoangaliwa hapo ni itikadi ya maamuma. Al-Qaffal, naye ni Mshafii, akasema inaangaliwa itikadi ya imamu. Basi mtu asije akawaambia kwamba wanavyuoni wa zamani hawakuwa na mipaka katika jambo hili. Walikuwa nayo. Lakini tazameni mpaka wenyewe uko wapi: uko kwenye jambo ulilolijua kwa yakini, kwamba imamu amefanya kinachotangua udhu kwako. Usipojua, asili ya sala yake ni kusihi. Na nani aliyekutuma kumpeleleza imamu chooni?

Na wapo waliokuwa wapana zaidi. Imam Ahmad alikuwa akiona damu nyingi inatangua udhu. Akaulizwa: imamu akitokwa na damu asitawadhe, utasali nyuma yake? Akasema: vipi nisisali nyuma ya Malik na Said bin al-Musayyib? Na kabla yao, Ibn Masʿud alimpinga Sayyidna Uthman kwa kutimiza rakaa nne kule Mina badala ya kukasiri, yaani kuzifupisha ziwe mbili. Alimpinga kwa maneno. Kisha akasali naye nne. Alipoulizwa akasema: khilafu ni shari. Imepokewa na Abu Dawud.

Limebaki la maimamu wenyewe. Imamu mgeni anayekabidhiwa msikiti ambao watu wake wanakunuti, naye haoni kunuti, nasema: awaambie mapema, waziwazi, kabla ya alfajiri ya kwanza, asiwashtukize. Na akiweza kukunuti kwa ajili ya kuwaunganisha, ana mwendo wa wakubwa wa kuufuata, maana Ibn Taymiyya ameruhusu imamu aache analoliona bora kwa kuzipatanisha nyoyo. Akishindwa, asimame kidogo kwenye itidali, kiasi cha mzee kusoma dua ya kunuti, "Allahumma-hdini", kwa haraka, ndipo ashuke. Kamati nazo, mnapomwajiri imamu mnamuuliza kila kitu, cheti, kabila la mke, mshahara; muulizeni na hili, mtaepuka mengi.

Kina mama mliouliza kuhusu nyumbani: anayesali peke yake kwa Kishafii anakunuti kwa sauti ya chini, na kunuti ya witri kwetu ni nusu ya pili ya Ramadhani. Wallahu aʿlam. Dakika zimebaki chache, leteni maswali.